Nimeitwa wilayani kusemea soko zima kuhusu bima ya afya. Nianzie wapi?

MamaMukene
Habari zenu. Nauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia, upande wa Uganda, na mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akiba. Wiki ijayo kuna kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bima ya afya ya taifa. Nimepewa dakika tano. Jana nilipita meza kwa meza na daftari nikiuliza, "Ungeweza kulipa ngapi?" Wa kwanza akanijibu: "Mwezi jana kituo cha afya walinipa karatasi, dawa nikanunua nje. Sasa nilipie bima ya karatasi?" Soko likacheka, na waliofuata wote wakajibu hivyo hivyo. Mmoja alidhani nakusanya michango, akafunika beseni. Nifanyeje haya yasionekane kelele za soko?

NesiMstaafu
Mama, usiyapambe. Ada zilifutwa kwenye vituo vya serikali 2001, lakini pesa zinaendelea kutoka, sasa zinaishia duka la dawa. Huyo wa karatasi ana hoja. Mrudie: dawa gani, lini, alinunua shilingi ngapi? Andika bila jina. "Huduma mbovu" watakubishia. Risiti kumi hawataziweza.

BodaMalaba
Shangazi, usichome mafuta bure. Bunge lilipitisha mswada Machi 2021, Rais hakutia saini. Maoni ya nini tena?

MzeeWaKigezi
Kijana, kisichotiwa saini bado kinasemeka. Kwetu kulikuwa na engozi, vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela kuteremka milima. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake 1996, ilipitia vikundi hivyo hivyo, maana watu walikwishazoea kuchangiana. Binti yangu, swali lako ndilo lililofunika beseni. Usiulize ngapi, uliza pesa huingia lini. Mswada huo, wa 2019, ulitaja asilimia 4 kwa mwenye mshahara, anakatwa kila mwezi wala hasikii. Asiye na mshahara, laki moja kwa mwaka. Laki ya mkupuo!

HalimaArua
Uliza mapema kikao ni cha lugha gani. Mimi nilikaa kwenye kimoja, Kiingereza mwanzo mwisho. Tulisaini mahudhurio, tukanywa soda, tukapiga makofi. Baadaye nasikia "wananchi walishirikishwa". Omba mkalimani, na useme jibu mtaletewa siku gani sokoni.

MamaMukene
Asanteni. Leo nimerudi na swali la Mzee, na beseni halikufunikwa. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mzigo hauji na hela hakuna. Wanasema wako tayari kulipa kidogo kidogo wiki za giza, kupitia kikundi, sharti dawa ziwepo. Risiti nimepata nne, moja ina harufu ya samaki. Nitaipeleka hivyo hivyo. Mkalimani nimeshampigia simu katibu wa kikao, kasema "tutaona".

HalimaArua
"Tutaona" ni hapana. Nenda na mwanao aliyesoma.