Pampu ya sheli inakata na petroli inarudi mdomoni wakati tangi halijajaa

Mwenye Probox
Wakuu, naombeni msaada. Gari ni Probox ya 2006. Nikienda sheli, pampu inakata baada ya lita mbili tatu, na mhudumu akibonyeza tena petroli inarukia nje. Geji inasoma robo. Ikimiminwa taratibu sana inaingia, ila lita 20 zinachukua karibu dakika kumi. Nimebadili sheli tatu, hali ni ileile.

Spana 14
Kama ni sheli tatu, pampu haina kosa. Hewa ya ndani ya tangi imekosa pa kutokea. Ukiingiza lita 20 za petroli, lita 20 za hewa lazima zipishe. Zisipopata njia yake zinapandia humohumo petroli inamoshukia, inarudi na povu. Ncha ya bomba la pampu ina kitundu kinachovuta hewa. Povu likikiziba tu, pampu inakata.

Kagua mpira mwembamba unaopanda sambamba na paipu nene ya kujazia. Ndio njia ya hewa. Kama tangi liliwahi kushushwa, mara nyingi mpira huu hurudishwa ukiwa umekunjika. Kabla ya kugusa chochote: eksozi ipoe, chomoa waya hasi wa betri, fanyia kazi nje, moto na sigara mbali. Legeza klipu, chomoa ncha zote mbili, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli. Ipite bila kubisha. Kompresa usiielekeze kwenye tangi hata kidogo. Ukikuta mpira una nyufa, nunua mpira wa mafuta. Ule wa maji petroli inaulainisha, unavimba na kuziba upya.

Fundi Tangi
Naongezea kanista ya mkaa (kopo lenye chenga za mkaa linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi), kama gari lako linayo. Ichomoe, puliza upande wa tangi: hewa itokee upande wa pili kwa urahisi. Ukiitikisa ukasikia chenga zinacheza, au ni nzito na inachuruzika petroli, imekufa, usihangaike kuiosha. Inauawa na tabia ya kuongeza "kidogo tu" baada ya pampu kukata: petroli inaingia mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mvuke. Dalili yake nyingine ni injini kugoma kuwaka mara tu baada ya kujaza. Chungulia pia mdomo wake wa hewa, nyigu hupenda kujenga kwa udongo humo.

Mwenye Probox
Asante sana wakuu. Mpira umebanwa kati ya tangi na bodi, umelala bapa kabisa. Swali moja: nikijaza ful tenki na kuegesha juani, matone yanadondoka chini. Ni tatizo hilohilo?

Spana 14
Hapana. Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Inatoka kwenye tangi la chini ya ardhi ikiwa ya baridi; lita 50 zikipanda nyuzi 15 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita. Zikikosa nafasi zinatafuta pa kutokea. Acha pale pampu inapokata mara ya kwanza.

Ila matone yakiendelea tangi likiwa nusu, huo ni uvujaji. Usiliegeshe ndani. Kagua klipu ya chini ya paipu ya kujazia, kisha ringi ya mpira iliyo juu ya tangi inapokaa pampu ya mafuta. Ringi ikishafunguliwa, weka mpya. Ya zamani hairudi kukaa sawa.