MCHANGO WA MAMA BRAYO (someni hapo juu kabla ya kuuliza)

*Jumanne*

Mama Shiro, 06:12
Tumsifu Yesu Kristu. Wapendwa, jana jioni keateka wa ploti amepiga kufuli mlango wa Mama Brayo. Kodi ya Machi, Aprili, Mei, 4,500 kila mwezi, jumla 13,500. Watoto wamelala kwangu, wasichana kwa kochi, Brayo chini. Sare zimefungiwa ndani. Kila nyumba 500, mwisho kesho saa kumi jioni. Tumeni kwangu.
1. Mama Shiro 500 ✅
2.
3.

Mama Shiro, 06:58
Naona tiki za bluu kumi na saba. Mmeamka.

Baba Kelvin, 07:20
Milele na milele. Mimi natuma mia mia mara tano. Mia haikatwi, mia tano inakatwa saba.

Mama Shiro, 07:21
Baba Kelvin tuma tu.

Baba Kelvin, 07:24
Ya kwanza hiyo. Nne zinakuja kwa mguu 😂

Mutua, 07:25
Zimekwama jam ya Mutindwa 😂😂

Mama Shiro, 07:26
Watoto hawajaenda shule nyinyi mnacheka.

Nekesa, 09:40
Mbona tusimtumie yeye mwenyewe? Ni mtu mzima.

Mama Shiro, 09:41
Laini yake ina deni la Fuliza. Pesa ikiingia tu imemezwa. Tunalipa mwenye ploti moja kwa moja.

Nekesa, 09:55
Na unga? Mwenye ploti hatampikia.

Baba Tabby, 12:47
Nitatoa nikiona hesabu ya ile basi.

Mama Shiro, 12:49
Baba Tabby, ile ni ya 2023. Tunaongea kodi.

Baba Tabby, 12:50
Mfuko ni ule ule. Mlichangisha ya viti 51, ikaja ya 33.

Mutua, 12:52
Mimi nilikalia mkungu wa ndizi mpaka Nakuru.

Baba Kelvin, 12:52
Zilifika zimeiva 😂😂😂

Mama Shiro, 12:58
2 Wakorintho 9:7. Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu.

Baba Tabby, 13:04
Soma mstari wote. Kuna "wala si kwa lazima" hapo ndani. Wewe umetuwekea kiwango na saa.

Mzee Katekista, 19:31
Tumsifu Yesu Kristu watoto wangu. Nimesoma polepole, macho si yale. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, AMECEA, walipokutana hapa Nairobi 1976 wakaziweka jumuiya ndogo ndogo mbele, nilidhani ni mambo ya rozari kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Nina swali moja. Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 6, imekatazwa kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu ndilo linamlisha. Cherehani ya Mama Brayo iko wapi?

Mutua, 20:15
🙏

Mama Shiro, 20:40
Mzee, kwa heshima. Alikopa 8,000 ya mfuko, akalipa mara mbili akanyamaza. Sheria tulipitisha wote kwa kuinua mkono.

Mzee Katekista, 20:52
Hata mimi niliinua. Tuliibeba mwisho wa Februari, mimi nikishika ule upande wa pedali. Sasa anafulia watu nguo. Hebu hesabuni tena hiyo miezi mitatu ya kodi.

Nekesa, 21:30
Nimetuma 1,000. Mia tano ni ya unga, mpe mkononi.

Baba Tabby, 21:41
500. Basi sijasahau.

Mzee Katekista, 21:44
200.

Mama Shiro, 21:50
Asanteni. Na zile 300 za Baba Kelvin, ya kodi ni 2,000. Keateka anasema akiona nusu anafungua. Mambo ya cherehani tuyaongee Jumapili baada ya misa.

Mutua, 21:53
Kwani ufunguo wa stoo uko na nani?

Nekesa, 21:55
Stoo haina cherehani. Nilitoa viti huko Jumamosi.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Achieng, 22:37
Iko kwa dada yangu Dandora. Kamati ndiyo ilisema isikae bure ikishika kutu. Mkanda ulikatika, tumetengeneza na 650. Sikatai kuirudisha, lakini hiyo 650 nadai nani? Na dada ana kazi za watu juu yake mpaka wiki ijayo.

Mama Shiro, 22:38
Mama Achieng nipigie.

Mama Shiro, 22:51
Mama Achieng shika simu.

*Jumatano*

Mama Shiro, 06:05
Keateka ametufungulia dakika tano tukatoa sare na viatu. Kiatu kimoja cha Brayo hakikuonekana, ameenda na ndara. Amefunga tena. Orodha iko hapo juu.

Baba Kelvin, 06:31
Ya nne hiyo.