Unga wa viazi lishe unapauka ghalani: kosa ni la kikaushio au la mfuko?

MlisheKazini

Habari wadau. Naomba msaada kuhusu unga wa viazi lishe vya rangi ya chungwa, unaokusudiwa kwa uji wa watoto. Viazi vinamenywa, vinakatwa vipande vya milimita 3, vinakaushwa kwa hewa ya moto nyuzi 65 kwa saa 7 hadi 8, vinasagwa, kisha unga unafungwa kilo moja moja kwenye mifuko ya nailoni ya kawaida (polithini) inayoonyesha ndani. Ghala lina nyuzi 28 hivi na rafu zinapata mwanga.

Vipimo vya beta-karotini, yaani ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni hivi: kiazi kibichi chenye yabisi (kile kinachobaki maji yakitoka) 28% kina mikrogramu 80 kwa gramu. Unga mpya wenye unyevu 8% una 210. Baada ya miezi 3, unyevu ukiwa 9%, umebaki na 75, na rangi imekuwa ya krimu. Kuna pendekezo la kushusha joto la kukaushia hadi nyuzi 50, na jingine la kuloweka vipande kwenye metabisalfaiti, kemikali ya salfa ya kuhifadhi rangi. Tuanze na lipi?

HesabuYaYabisi

Usiguse kikaushio kabla ya kupiga hesabu. Ile 80 na ile 210 hazilinganishwi moja kwa moja, maana maji yametoka katikati.

Chukua gramu 100 za kiazi kibichi. Yabisi ni gramu 28 na karotini ni mikrogramu 8,000. Ukikausha hadi unyevu 8% unabaki na 28 ÷ 0.92, yaani gramu 30.4 za unga. Kama hakuna kilichopotea, kila gramu ingekuwa na 263. Wewe una 210, kwa hiyo umehifadhi 80%. Kwa hewa ya moto hiyo ni kazi nzuri.

Sasa ghalani: 28 ÷ 0.91 ni gramu 30.8, mara 75 ni 2,310. Imebaki 29% ya karotini ya mwanzo. Kikaushio kimekula sehemu moja kati ya tano, ghala limekula nusu nzima ya kila ulichoanza nacho. Kushusha joto hadi nyuzi 50 kutarefusha muda ambao kipande kina maji na vimeng'enya vinafanya kazi, na bado hakutagusa hasara kubwa.

Tafsiri yake kwa mtoto: karotini ya chakula hugawanywa kwa 12 kupata vitamini A. Gramu 50 za unga wako mpya zina 10,500 ÷ 12, yaani mikrogramu 875. Unga uleule baada ya miezi 3 una 312, kabla hujapika. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 400 kwa siku. Mfuko uliokuwa unatosheleza hautoshelezi tena, na maandishi ya nje hayajabadilika.

HewaNdaniYaMfuko

Naungana na hesabu hiyo. Adui wa ghalani ni oksijeni, na joto na mwanga vinaiharakisha. Karotini ni mnyororo mrefu wa vifungo maradufu. Oksijeni ikiuvunja, rangi na vitamini vinaondoka pamoja. Nailoni yako inazuia mvuke wa maji kwa kiasi kizuri, ila oksijeni inapita karibu inavyotaka. Ndiyo maana unyevu umepanda kidogo tu huku karotini ikiporomoka.

Tumia mfuko wenye utando wa alumini, uzibwe kwa joto, na ukague mshono: unga ukinasa kwenye mdomo wa mfuko, muhuri unavuja hata kama kwa macho umeshika. Ndani weka kifuko cha unga wa chuma cha kunyonya oksijeni, lakini kipime sawasawa. Wengi wanahesabu hewa ya juu tu na kusahau iliyo kati ya chembe. Kilo moja ya unga hujaza kama lita 1.5, wakati chembe zenyewe ni kama lita 0.67. Hapo kuna zaidi ya lita 0.8 za hewa. Ongeza lita 0.3 juu ya unga, unapata lita 1.1 hivi. Oksijeni ni 21% yake, kama mililita 240. Kifuko kinachonyonya mililita 100 za oksijeni kitaishia njiani. Weka cha 300. Na visikae wazi mezani wakati wa kufungasha, vinaanza kufanya kazi papo hapo.

Jambo moja linalowashangaza wengi: kukausha kupita kiasi hakuokoi karotini. Chini ya unyevu wa 5% au 6% chembe hukosa hata ule utando mwembamba wa maji, na oksijeni huzifikia kirahisi zaidi. Lenga 8% hadi 9%. Ukungu hauoti kipimo cha maji huru (aw, kinachoanzia 0 hadi 1) kikiwa chini ya 0.6.

Ikiwezekana, hifadhi vipande vikavu na usage karibu na siku ya kutumia. Na kila nyuzi 10 utakazopunguza ghalani hupunguza kasi ya upotevu kwa nusu au zaidi.

MvukeKwanza

Kuhusu metabisalfaiti: inazuia vipande kuwa kahawia, hilo halina ubishi. Lakini salfa huharibu vitamini B1, inaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua, na haikulindi na oksijeni ya miezi 3. Kwa uji wa watoto mimi nisingeitumia.

Mvuke una faida zaidi, kwa sababu unaua vimeng'enya kabla ya kukausha. Tandaza vipande safu moja, mvuke dakika 3 hadi 5, poza haraka, kausha. Hakikisha kwa kipimo: weka vipande kwenye maji safi, ongeza mililita 1 ya guayakoli (kemikali ya kupimia) 1% na mililita 1 ya hidrojeni peroksaidi 0.3%. Rangi ya kahawia-nyekundu ikitokea ndani ya dakika 3, peroksidezi, kimeng'enya kinachostahimili joto, bado iko hai. Ongeza muda wa mvuke. Maji ya moto yanafanya kazi hiyo pia, ila yanaondoka na vitamini C na sukari. Jua kwamba mvuke unaivisha wanga: unga utavuta maji mengi zaidi, na kipimo cha unga kwa uji lazima kijaribiwe upya.

MlisheKazini

Nashukuru sana. Je, inawezekana 75 yenyewe ni kosa la maabara?

Nanomita450

Inawezekana kwa sehemu. Waulize kama waliloweka unga kwenye maji dakika 20 hadi 30 kabla ya kutia asetoni, kiyeyusho cha kutoa karotini. Asetoni haipenyi vizuri chembe kavu, na karotini iliyobaki kwenye masalia inahesabiwa kama imepotea. Masalia yanapaswa kubaki bila rangi. Kisha karotini ihamishwe kwenye etha ya petroli (kiyeyusho kingine) na isomwe kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 450, kwa kigezo cha ufyonzaji mwanga 2592, na kazi yote ifanyike kwenye mwanga hafifu.

Hata hivyo rangi ya krimu uliyoiona haitoki maabara. Siku ya kusaga, funga mifuko mitatu ya alumini na uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kila mwezi peleka mmoja pamoja na mmoja wa rafuni, bila kuwaambia upi ni upi. Wa friza ukishuka kwa kiasi kilekile, tatizo liko kwenye upimaji.