Naomba ushauri: PSX, PS1 au PSone, niandike lipi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kidogo. Napanga lebo za gemu zangu za zamani sasa haya majina yananichanganya kinoma, PlayStation ya kwanza wengine wanaiita PSX wengine PS1, halafu kuna PSone ile ndogo ya 2000, na 2003 Sony wakatoa kule Japani mashine nyingine kabisa inaitwa PSX, inarekodi vipindi vya TV na ndani yake ni PS2!! Sega nao hivyo hivyo, mashine yao ya gemu Mega Drive ukifika Marekani inaitwa Genesis. Famicom na NES (mashine ya Nintendo, jina la Japani na la Marekani) angalau nishazoea, kaseti zenyewe hata haziingiliani. Sasa nyie mnaandikaje, nifuate jina la Japani au la Marekani? Na hiyo PSX niachane nayo tu?