Mwanza hadi Dar kwa ndege: saa moja na nusu au masaa matatu?

Kirumba_Halisi:
Wakuu, habari za jioni. Nimemkatia bi mkubwa tiketi ya kutoka Mwanza kuja Dar. Ana miaka 71 na hajawahi kupanda ndege, ila basi goti limekataa. Mara ya mwisho tulimshusha pale Mbezi kwa kumbeba.

Kinachonichanganya: ramani inaniambia ni kilomita 850 hivi, jamaa yangu alitumia saa moja na dakika 20. Tiketi ya mama inasema anaondoka 06:00, anafika 08:50. Karibu masaa matatu! Wamekosea kuandika?

Fundi_Redio:
Hawajakosea mkuu. Hizo 850 ni za mstari ulionyooka. Barabara inayozunguka Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro inavuka 1,100. Jamaa yako bila shaka alipanda jeti, kama Airbus A220, ambayo ikishatulia juu inakata zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Dash 8 Q400 ya pangaboi inakwenda kama 660. Halafu muda wa tiketi unahesabu na kule kutambaa uwanjani kabla ya kuruka.

Lakini hata pangaboi haifikishi masaa matatu. Tazama vizuri, hiyo inatua mahali njiani.

MamaSato:
Mwanangu Kirumba, hayo ya kilomita waachie akina Fundi. Mama umemwambia saa ngapi?

Nauliza kwa sababu mjomba wangu alipewa tiketi ya 06:00, akaisoma mwenyewe. Akatokea uwanjani saa tano na nusu, suti ya harusi, kofia mkononi, anatuambia amewahi nusu saa. Ndege ilishafika Dar, abiria wake wameshakunywa chai Kariakoo! Nauli tulilipa upya.

Mwandikie kwenye karatasi: SAA KUMI NA MBILI ALFAJIRI. Saa kumi awe ameshafika uwanjani. Kama anakaa Buhongwa, ajue uwanja uko Ilemela, lazima auvuke mji mzima, kwa hiyo teksi aiagize jana yake. Na wewe piga simu mapema uombe kiti cha magurudumu, hakilipiwi. Wataanza kumsukuma mlangoni hadi kwenye ndege.

Najua atakuja na sato, usimkataze, hatakusikia. Wagandishwe usiku kucha, wafungwe kwenye boksi na gundi ya kutosha, waende na mizigo ya chini. Mimi hupeleka hivyo hivyo, bado hawajanimwagikia.

Fundi_Redio:
@MamaSato 😂 suti ya harusi!
Kirumba, mwambie pia asishangae giza la Dar. Saa ni ile ile, ila jua linazama mapema kuliko Mwanza kwa dakika 25 hivi, maana Dar iko mashariki zaidi.

Kirumba_Halisi:
Asanteni sana. Nimeangalia, kweli inatua Kilimanjaro dakika 40, na wa Dar hawashuki. Kiti cha magurudumu nimeshaomba.

Mama MamaSato, shikamoo. Nimempigia bi mkubwa sasa hivi. Anasema kalendani alishaandika "saa sita mchana", na boksi la samaki analo tayari.

MamaSato:
Marahaba mwanangu. Mpigie tena saa tisa usiku.