Gasketi nyembamba ya hedi kwenye 4A-FE: itarudisha nguvu au nitaua injini?

Mzee_wa_Uyole:
Wakuu, habari za muda huu. Nina Corolla AE111, injini 4A-FE, nipo Mbeya. Ilikuwa inavujisha oili pembeni ya gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku). Kabla ya kufungua, fundi alipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na silinda zote nne zikasoma kati ya 148 na 152 psi. Kitabu cha Toyota kinasema 191, kwa hiyo akasema injini imechoka. Hedi imechongwa 0.3 mm maana ilikuwa imepinda. Gasketi iliyotoka, ukiipima ikiwa imeshabanwa, ni 1.2 mm. Anashauri niweke ya chuma ya 0.8 ili kompresheni ipande. Kweli mlimani gari inasuasua, hasa nikiwa na abiria wanne. Nikiwa Dar sioni hiyo shida. Nichukue ipi?

Kifimbo:
Mkuu chukua yenye alama za chini, ndiyo nyembamba. Za 3L zipo B, D na F, muulize muuza spea.

Spana17:
@Kifimbo hiyo 3L ni dizeli. Kule unachagua unene baada ya kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, hauchagui kwa kutafuta nguvu. Usimchanganye mwenzio.

Bomba_la_Mafuta:
Mzee_wa_Uyole, ngoja kwanza. Hiyo injini haijachoka. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina karibu asilimia 81 tu ya mgandamizo wa hewa ya Dar. 191 ya kitabu ni ya pwani. Ukiirudisha kwa hewa ya kwenu unapata kama 155. Wewe una 150 na silinda zinafanana, hiyo ni injini nzima. Ndiyo maana Dar inakimbia vizuri.

Sasa hesabu. Pistoni ya 4A ina kipenyo cha 81 mm, mwendo wake 77 mm, kila silinda inavuta kama cc 397. Kwa uwiano wa kompresheni wa 9.5 (yaani hewa inabanwa mara 9.5), nafasi inayobaki juu ni kama cc 46.7. Kupunguza gasketi 0.4 mm kunaondoa cc 2.1 hivi, unafika 9.9. Kwa nadharia faida yake ni karibu asilimia 1. Kwenye injini ya nguvu za farasi mia na kitu, hiyo ni farasi mmoja. Huwezi kuusikia ukipanda na abiria wanne.

Na fundi wako ameshaongeza tayari. Ile 0.3 aliyochonga imeipeleka kama 9.8. Ukiongeza na gasketi ya 0.8 unagusa 10.2.

KigamboniTurbo:
Na 10.2 hiyo huko Mbeya utaendesha kwa raha, hewa nyepesi inakuficha. Siku ukishuka huku, jua la saa nane, foleni ya Mbagala, mafuta ya kituo chochote, itaanza kugonga (mafuta yanalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda) ukikanyaga resi. Itabidi urudishe moto nyuma (plagi zichelewe kuwasha), na ile nguvu yote uliyonunua inapotea. Mimi ningeweka 1.2.

Spana17:
Kuna kitu kimoja kizuri kwa gasketi nyembamba, tuwe wakweli. Pistoni ikisogea karibu na sehemu bapa ya hedi, mchanganyiko unachanganyika vizuri na kugonga kunapungua kidogo. Wajenzi wengi wanatafuta nafasi ya jumla ya 0.9 hadi 1 mm hapo kati ya pistoni na hedi. Lakini hiyo ni kwa anayejenga injini, kapima kila kitu. Halafu gasketi ya chuma inataka uso laini sana, wa hedi NA wa bloku. Hedi yako imetoka mashineni, je bloku? Kama amekwangua kwa msasa wa mkono, itavuja tena.

Kifimbo:
Basi atoe injini hiyo, aweke kubwa zaidi, 7A-FE. Cc 1,762, milima yote imekwisha 😂

Bomba_la_Mafuta:
Kifimbo leo umeongea. Kama shida ni mlima, hilo ndilo jibu halisi.

Mzee_wa_Uyole:
Nimewaelewa wakuu. Bloku kweli ameikwangua kwa mkono. Narudisha ya kawaida ya 1.2, 7A tutaongea baada ya mavuno. Niangalie nini wakati anafunga?

Spana17:
Bolti zina urefu aina mbili, fupi zinakaa upande wa hewa na ndefu upande wa ekzosi, asizichanganye. Aanzie katikati kwenda nje: toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo tena. Akimaliza aunganishe matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia, aseti moto (wakati wa plagi kuwasha) nyuzi 10. Kabla ya hapo asiguse distribyuta kwa kusikiliza mlio tu.

Mzee_wa_Uyole:
Nimempigia sasa hivi. Anasema spana ya toki hana, anabana kwa mkono.

KigamboniTurbo:
Azime kwa jirani, mkuu. Gari isitoke hapo bila kukazwa kwa spana ya toki.