Doctor Who na nyimbo za Noeli: kipindi kipi kimeutumia wimbo vizuri zaidi?

Alto_wa_Nyuma: Wakuu, natafuta kipande kimoja cha Doctor Who, tamthilia ya TV ya Uingereza, cha kuonyesha wanakwaya, kisha waimbe wimbo uliomo. Nimebaki na vipindi vyake vitatu vya Noeli: The Christmas Invasion (2005), A Christmas Carol (2010) na Joy to the World (2024).

BesiKavu: 2010. Katherine Jenkins, akiigiza kama Abigail, anaimba In the Bleak Midwinter kumtuliza samaki papa. Samaki wa sayari ya hadithi hiyo huelea kwenye ukungu wenye chembe za barafu, na sauti yake inazitikisa chembe hizo. Ukiutoa wimbo, hadithi haisimami. Ila wimbo wake wa mwisho msiutafute kwenye vitabu vya nyimbo: huo ni wa Murray Gold, mtunzi wa muziki wa kipindi, ulitungwa kwa ajili ya kipindi.

SolfaTupu: Mimi naona 2005. Masanta roboti wanapiga God Rest Ye Merry, Gentlemen barabarani, mara tromboni inatema moto. Tuni ni ya minor (ngazi yenye sauti ya huzuni), inaanzia la: l l m m r d t l. Hofu tayari imo, mtunzi hahitaji kuongeza kitu. Linganisha na ule mti wa Krismasi wa kipindi hicho hicho unaozunguka na kukatakata samani huku ukipiga Jingle Bells: ni major (ngazi yenye sauti ya furaha), na unachekesha. (Jingle Bells wala si wa Noeli. Mtunzi wake, James Pierpont, aliuchapisha 1857 na maneno yake hayaitaji Krismasi.)

Alto_wa_Nyuma: Na 2024?

BesiKavu: Kama hujakitazama, ruka hapa. Joy, yaani Nicola Coughlan, mwishoni anakuwa nyota ya Bethlehemu. Lakini maneno ya wimbo Joy to the World, ya Isaac Watts ya 1719, yametoka Zaburi 98, hayana nyota wala hori. Kwa hiyo uhusiano ni wa jina la kipindi zaidi kuliko wimbo wenyewe.

SolfaTupu: Kwa kuimba lakini huo ndio mwepesi: unashuka ngazi nzima, d' t l s f m r d. Wekeni ufunguo wa D, mkipandisha hadi F, soprano wataanza kwa kupiga kelele.

Mkichagua 2010, tumieni tuni ya In the Bleak Midwinter ya Gustav Holst, iitwayo Cranham, ya 1906. Mtego wake ni silabi: beti za Christina Rossetti, aliyeandika maneno, hazilingani urefu, kwa hiyo noti moja hugawanywa kwenye ubeti huu na kuunganishwa kwenye ule. Pigieni mstari silabi kwenye karatasi za sauti zote nne kabla ya mazoezi, la sivyo waimbaji wa tenor wanamaliza mstari soprano wakiwa bado njiani.